Namna ya Kupandisha Simu Angani Bila Wewe Kupandishwa Karandinga

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kunduchi, Dar es Salaam, mwenye simu ya kamera, mshipi wa kuvulia na hamu ya kuuona mtaa wake kutoka juu. Hauwahusu wenye droni. Wale wana mambo yao: usajili, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), neno kutoka Wizara ya Ulinzi, na betri inayokata pumzi kabla ya chai kupoa. Wewe utatumia puto lililofungwa kamba, chombo kisicho na injini, usukani wala rubani, ambacho kazi yake yote ni kutaka kuondoka na kazi yako yote ni kukikatalia.

Fani yenyewe ni kongwe. Mwaka 1858 Mfaransa aliyejiita Nadar alipanda na kamera yake ndani ya puto lililofungwa kamba, nje kidogo ya Paris. Picha zikawa zinatoka nyeusi tii, hadi alipong'amua kwamba gesi iliyokuwa ikivuja mdomoni mwa puto ndiyo iliyoharibu dawa za vioo vyake. Picha zake hizo za mwanzo zimepotea. Ya zamani kabisa iliyobaki ni ya James Wallace Black, aliyeupiga mji wa Boston, Marekani, Oktoba 1860, naye akiwa kwenye puto la kamba.

Pwani yetu nayo imo. Mwaka 1863 Jules Verne alichapa riwaya ya wazungu watatu wanaovuka Afrika kwa puto wakianzia Zanzibar. Humo wenyeji wanakasirika, wakiamini kwamba puto hilo linakwenda kulidhuru jua na mwezi, na wasafiri wanalazimika kulijazia kisiwani, mbali na watu. Verne hakupata kufika Zanzibar, lakini kwa habari ya majirani aliandika kama aliyepanga chumba Mtongani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, ikaja na puto la kweli. Meli ya Kiingereza iitwayo Manica, iliyobeba puto la kamba la kuelekezea mizinga, ilitoka Gallipoli na mwaka 1916 ikaletwa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu wa pwani akiona kitu kinaning'inia juu akauliza kinalenga nini, ana haki yake. Utaulizwa. Jiandae.

Hatua ya kwanza: Kanunue ng'ambo kilichopo Rukwa

Gesi unayoitaka ni heliamu. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya Bonde la Rukwa imelala heliamu ya mabilioni ya futi za ujazo. Taifa likafurahi. Nawe furahi, kisha panda daladala ya Kariakoo ukanunue mtungi wa heliamu iliyotoka nje ya nchi.

Muuzaji atakuuliza sherehe ni ya nani. Sema ya mtoto. Ukisema unakwenda kupiga picha Kunduchi kutoka juu, maswali yatapanda na bei itapanda nayo. Kabla ya kulipa, mwambie ajaze puto moja aliachie palepale dukani. Likigonga dari, toa hela. Likishuka sakafuni taratibu, hiyo si heliamu, ni pampu.

Atatokea fundi wa kukwambia kwamba haidrojeni ni rahisi na unaweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Anasema kweli. Ni kweli pia kwamba ndege-puto ya Kijerumani, Hindenburg, ilijazwa haidrojeni hiyohiyo, na Mei 1937 iliteketea Marekani kwa muda usiotimia dakika moja, watu 36 wakafa. Kunduchi Pwani kila baada ya hatua chache kuna karai la samaki juu ya moto. Mshukuru fundi, umwage.

Mwingine atakushauri uunge mifuko myeusi ya rambo, uijaze hewa ya asubuhi na kuliachia jua liipashe moto mpaka inyanyuke. Fizikia yake haina kasoro. Ila mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mtu aliyekamatwa na rambo la urefu wa mita tatu, tena linaelea, hawezi kudai kwamba alisahau tu mfukoni.

Hatua ya pili: Piga hesabu kabla simu haijapiga chini

Mita moja ya ujazo ya heliamu hunyanyua takriban kilo moja. Puto la kawaida la sherehe, la inchi 12, ukitoa uzito wake mwenyewe linabaki na nguvu ya kubeba kama gramu 10. Simu yako ina gramu 200. Mtoto wa darasa la nne ataona kwamba yanahitajika maputo 20 ili simu isiwe na uzito, na bado haijaenda popote. Ongeza chupa ya kuihifadhi, ongeza kamba ya mita 100, ongeza ziada ya kushindana na upepo, na unafika maputo 50. Maputo 50 kwenye kamba moja hayapigi picha, yanapigana.

Kwa hiyo tafuta puto moja kubwa jekundu, la kipenyo cha mita moja na nusu hivi. Hilo linashika gesi ya karibu mita 1.8 za ujazo na linaibeba simu bila kununa. Katikati ya mtaa litaonekana kutoka Tegeta, jambo ambalo utalijutia katika hatua ya tatu na kulishukuru katika hatua ya tano.

Simu ikae ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyolazwa na kukatwa ubavu wa chini, imebanwa kwa sponji, jicho la kamera likitazama chini. Ining'inize kwenye kamba mita kadhaa chini ya puto, isiyumbishwe na kila mtikisiko wa juu. Weka programu ya kupiga picha yenyewe kila baada ya sekunde tano. Zima mtandao kabisa, maana anayekudai huwa anapiga pale simu inapokuwa mita 80 juu, na mtetemo wake ndio unaoharibu picha uliyoifuata.

Hatua ya tatu: Omba kibali cha kitu kisicho na fomu

Anza kwa mjumbe, panda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, malizia kwa mtendaji wa kata. Waulize TCAA pia, kwa sababu anga iliyo juu ya banda lako la kuku si yako. Kila ofisi itakuwa na fomu ya droni, ya shughuli, ya mkutano, ya msiba na ya ngoma. Fomu ya puto haitakuwepo. Hapo utajifunza kwamba kisichokatazwa nacho kinahitaji muhuri.

Mazungumzo na mwenyekiti yatakwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hicho kidude kinapima?"

"Hapana mzee, kinapiga picha tu."

"Picha ya nini?"

"Ya mtaa."

"Mtaa umefanya kosa gani?"

Hapa usicheke. Dar es Salaam, mtu akija kuutazama mtaa kutoka juu au kwa futi kamba, kinachofuata mara nyingi ni rangi nyekundu. Wakazi wa Bonde la Msimbazi waliziona alama za X kwenye kuta zao mwishoni mwa 2015, tingatinga likafuata. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Kimara na wenzao wa kando ya Barabara ya Morogoro. Mzee wa watu anaulizia ukuta wake, na puto lako ni kisingizio tu cha kuuliza.

Mpe jibu la maana. Mwambie kuanzia 2015 vijana wa Ramani Huria, wengi wao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam, walizunguka kata kwa kata na wenyeji wakichora mitaro, vichochoro na mahali maji yanapotuama, wakisaidiwa na picha za droni, ili mafuriko yakija ijulikane nani yumo njiani mwake. Kutazamwa kutoka juu kunaweza kuleta mtaro, si X pekee. Mwenyekiti atakusikiliza hadi mwisho, atatikisa kichwa, kisha atauliza kama mtaro huo unaweza kupita upande wa kwake.

Kuna pande za Kunduchi ambazo hazihitaji ufafanuzi wowote. Chuo cha Taifa cha Ulinzi kipo hapahapa tangu 2012. Puto lako halina habari nacho, na kamera yako vivyo hivyo. Upepo ukianza kuelekea kwenye uzio wowote wenye bango la jeshi, vuta kamba, teremsha, kaa chini, nunua muhogo. Hakuna picha iliyopigwa jeshini kwa bahati mbaya. Kuna picha na kuna maelezo, na maelezo yake huandikwa mara tatu.

Hatua ya nne: Upepo muulize mvuvi

Simu itakwambia upepo wa Dar es Salaam, ikimaanisha Chanika, Mbagala na Kunduchi kwa mkupuo. Mvuvi atakwambia wa hapa. Atakufundisha kwamba kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili hadi Septemba na haina masihara, na kwamba siku zako njema zimo katikati, wakati wa maleleji, upepo unapojadiliana na nafsi yake uvume kutoka wapi.

Hata ndani ya msimu mwema, saa ni moja tu. Alfajiri kuna umande, upepo mwepesi wa kutoka bara. Kuanzia saa nne asubuhi bahari inaanza kujibu, na mchana puto haliko juu tena bali pembeni, kamba imelala, na picha zote unazopata ni za paa la jirani mmoja ambaye sasa ana sababu ya kukushuku.

Tahadhari moja. Umande unasukuma kuelekea baharini. Kamba ikikatika asubuhi, puto na simu vitaelekea upande wa kisiwa cha Mbudya, na Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Mpira unaoelea majini kasa huudhania chakula. Huko utakuwa umepoteza simu na kumvimbisha kasa tumbo, na kati yenu wawili yeye ndiye mwenye sheria ya kumlinda.

Hatua ya tano: Mtafute wa kushika kamba

Hiki ndicho cheo kikubwa katika shughuli nzima. Mpiga picha hana kazi, simu inajipiga yenyewe. Mshika kamba ndiye rubani.

Usimchukue mpwa wako kwa sababu yupo likizo. Mchukue mtu aliyevua kwa mshipi. Utamtambua kwa vitu viwili: kibao cha mti alichozungushia mshipi, kilichochongwa mapengo pande zote mbili na kung'aa kwa mafuta ya mikono, na kipande cha kandambili kilichokatwa kikatobolewa kidogo, anachokivaa kiganjani. Nailoni iliyo na puto juu ikianza kukimbia inakata ngozi kabla hujasema "aa". Yeye hashindani nayo. Anaiachia kidogo, anaibana kwa ule mpira wa kandambili, anaisikiliza. Kamba ikivuma kwa sauti nyembamba, bila kutazama juu atakwambia upepo wa huko umebadilika. Ana fundo alilolifunga kila baada ya pima kumi, kwa hiyo anajua simu ipo urefu gani. Mafundo hayo yafunge na wewe: ukifika mita 100, picha moja ya simu inafunika kama mita 130 kwa 100, eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira, na kupanda zaidi ya hapo ni kuongeza maelezo polisi tu.

Na kamba ina faida nyingine ambayo kiwandani hawakuiwekea bei. Droni ikipita juu ya uwanja wa nyumba ambamo mama anafua, mama hajui ni ya nani, imetumwa na nani wala inakwenda wapi. Atafunga kanga vizuri na kutukana hewa. Setilaiti ndiyo kabisa, haina hata wa kutukanwa. Puto la kamba lina mkia unaoshuka hadi kwenye mkono wa mtu, na mtu huyo ana uso, ana kandambili moja na nusu, na anaweza kufuatwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina kurasa nyingi kuhusu haki ya kujua nani anachukua habari zako. Pima 50 za nailoni zinaeleza jambo hilo bila wakili. Ndiyo maana puto likawa kubwa na jekundu, na ndiyo maana usilifiche. Kamera ya juu isiyoweza kufuatwa kwa miguu hadi kwa mwenyewe haistahili kuaminiwa, iwe ya kampuni, ya serikali au ya shemeji yako.

Hatua ya sita: Uvumilie umati, na kunguru

Dakika kumi baada ya puto kupanda utakuwa na mkutano wa hadhara. Watoto watataka kuvuta kamba. Bodaboda watataka kujua bei. Mmoja atasema aliona kitu hikihiki Ulaya, hajawahi kufika. Mwingine atashikilia kwamba ni mambo ya uchaguzi, na kutoka hapo hoja itajiendesha yenyewe. Mama wa samaki atauliza swali pekee la akili: "Hilo likipasuka, linamwangukia nani?" Mpe kiti akae, huyo ndiye afisa usalama wako.

Kunguru watakuja bila kualikwa. Walifikishwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka bahari, na tangu hapo wanaichukulia pwani yote kuwa ni takataka. Kunguru mmoja akilizunguka puto anafanya uchunguzi. Watatu ni kikao. Wakifika watano, teremsha.

Hatua ya saba: Piga

Kunduchi ina mahali patatu pa kuanzia, na kila mahali pana adabu yake.

Magofu. Msikiti wa kale na makaburi ya nguzo hutazamwa vizuri jua likiwa chini, kivuli kinapozichora kuta ambazo ukisimama ardhini unaziruka bila kuziona. Omba ruhusa kwa wenye dhamana ya mambo ya kale, usikanyage kaburi, na jihadhari na mibuyu, maana mbuyu ukishika kamba hauiachii. Kwenye nguzo zile zilipachikwa bakuli za Kichina, na nyingi zimekwishang'olewa. Waliozing'oa hawakuhitaji puto wala kibali.

Machimbo. Hapa kilima kiligeuka shimo, na shimo likageuka nyumba za Sinza na Mbezi. Kutoka juu utaona kingo nyeupe za mawe ya matumbawe na vivuli vya makuti ambamo akina mama wanagonga kokoto. Waambie kabla. Watakuuliza picha hiyo inauzwa shilingi ngapi na kwenye hela hiyo wao wana fungu gani. Usiende kama huna jibu.

Ufukwe. Nenda maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, bahari inapovua nguo zake zote. Huku ndiko Hoteli ya Africana iliposhindwa na mawimbi, ikabaki jina la kituo cha daladala. Mchanga uliochimbwa kwenye mito kwa ajili ya ujenzi ndio uliokuwa ufike hapa kuulisha ufukwe, na ufukwe usipolishwa unakula majengo. Lakini usishike bango kwa picha moja. Kaskazi na kusi huuhamisha mchanga kila mmoja kwa upande wake, kwa hiyo piga msimu hadi msimu, mahali palepale, fremu ikiwa na kitu kisichohama. Mnazi unafaa. Ukuta unafaa zaidi, na hapo ndipo yanapoanza mengine.

Hatua ya nane: Gawa picha

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Picha yako haijui sheria. Itaonyesha tu mashua, nyavu zilizoanikwa, moshi wa makarai, mabwawa ya chumvi, na kuta kadhaa zilizoteremka hadi majini kuoga. Mtu yeyote mwenye rula anaweza kuendelea mwenyewe.

Simu ikishuka, wateja watajipanga. Vijana watajitafuta, wataona ni nukta, watasusa. Mwenyekiti ataitaka ya kutundika ofisini, mradi ikatwe kidogo upande wa kushoto. Meneja wa hoteli ataisifu na kuuliza kama bomba la majitaka linaweza kufutwa. Mwenye ukuta hatakuja. Atamtuma mlinzi, naye atakwambia kwa upole kwamba bosi anaomba hiyo picha isionekane, na kwamba bosi anajuana na watu.

Usibishane na mlinzi, yupo kazini. Msalimie, kisha mpe utaratibu wa kumpelekea bosi wake: picha ni ya wote na haina bei, ila mwenye malalamiko kuhusu picha yoyote huanza kwa zamu ya kushika kamba. Zamu inayofuata ni saa 12 asubuhi, nje ya ukuta wake, upande wa baharini. Aje na kandambili moja ya kukata. Na kwa kuwa upande huo hakujabaki pa kusimama maji yakijaa, aje amevaa kaptula.